Kengele ya Moshi Ukutani kwa Baba

Mpendwa yaya wangu,

Nimeolewa. Ungekuwepo, dada yangu mkubwa, ungenifunga kitambaa kichwani na kunikaripia nisicheke ovyo mbele ya wakwe. Nilicheka, yaya. Mpaka leo nacheka. Amisi anabeba mafuta ya mawese kwa pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare, na nikisikia mlio wake kwenye kona ya soko nasahau hata nilichoweka jikoni. Ananiita pumzi yake. Ningekusimulia mengi ya hivyo, lakini furaha hii naimeza kama asali iliyopakwa juu ya kidonge cha kwinini, kwa sababu ya kile kitu cha Baba.

Unakikumbuka. Baba alikuwa mlinzi kwenye kambi moja ya dhahabu kule Salamabila. Wakubwa walipojiwekea kengele mpya za moshi vyumbani mwao, zile kuukuu waliwagawia walinzi, eti zawadi. Baba alisafiri na yake kwenye mvua hadi Kabambare, koti amelivua na kuifunika. Alituambia inasikia moshi, na pia ile sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye makala ya kupikia. Kila mgeni ilibidi aoneshwe. Baba anabonyeza kitufe, kengele inapiga yowe, kuku wanatawanyika, nawe unaziba masikio: "Baba, utatuua na hii kitu yako." Tulicheka sana siku zile.

Ulipojifungua Riziki, walikuweka ndani kama mzazi yeyote wa kwetu, mlango umefungwa, jiko la mbabula lenye makala yanayowaka karibu na kitanda ili upate joto. Nilikuambia ufungue dirisha kidogo. Ukanijibu, "Kengele iko. Ikilia, mutakuja kunitoa." Asubuhi moja ya mvua jirani alimchukua mtoto kwenda kumwogesha. Aliporudi naye hukuamka. Kengele ilikuwa juu ya kichwa chako, kimya. Wengine walisema ni presha. Wengine walimtaja mke wa baba mdogo kwa uchawi, na yule mama hadi leo hapiti uani kwetu.

Baada ya harusi Amisi alikwenda nami kumsalimia Baba. Alipeleka mbuzi, na kengele mpya aliyoiagiza Bukavu. Alikuwa ameniambia kwamba kengele hizi huzeeka: kitufe kinajaribu sauti tu, huku pua yake imeshakufa zamani.

Baba aliipindua ile mpya mikononi. "Mukwe wangu, yangu imekosa nini?" Akabonyeza ya ukutani, ikapiga yowe. "Umesikia? Iko muzima kukushinda wewe."

Majirani waliokuja kututazama walicheka. Amisi naye alicheka, kisha akasema taratibu, "Baba, tuziache zote mbili humo ndani na mbabula, tusikie."

Tuliwasha makala, tukafunga mlango, tukasimama uani. Ikalia moja tu, ile mpya. Baba aliingia kabla hatujamshika, akatoa mbabula nje, akarudi kusimama chini ya kengele yake. Akaibonyeza, ikalia. Akaibonyeza tena, ikalia. "Hii haijanidanganya hata siku moja," alisema. Akaishusha ile mpya na kumrudishia Amisi. "Rudisha makelele yako Kasongo."

Nilimuuliza, "Na yaya je?"

"Dada yako alichukuliwa na Mungu. Usinitafutie muuaji ndani ya nyumba yangu."

Nilimwelewa, na sikumhurumia. Akiiondoa pale ukutani, atakuwa amekubali kuwa ndiyo iliyokuacha ufe. Lakini Riziki wako alikuwa analala chumba kile kile, na mvua zikianza mbabula huingizwa ndani.

Nikamwambia mbele ya mume wangu: kengele mpya ikae, au mtoto aondoke nasi. Nilidhani namtishia tu. Huyu ni Baba anayemkata Riziki kucha mwenyewe na kumtafunia nyama ngumu. Aliingia ndani, akatoka na vinguo vya Riziki vimefungwa katika kitenge, akampandisha kwenye pikipiki. "Mumushike vizuri, barabara ni mbaya," alisema. Hakungoja tuondoke.

Basi yuko nasi hapa Kasongo. Hatujamaliza hata fungate, na mume wangu anamwimbia mtoto wako mpaka alale, nami nawatazama na kumpenda Amisi hadi kifua kinaniuma. Kengele mpya tumeitundika kwetu. Riziki anauliza kila jioni kama babu anakuja. Namwambia barabara imeharibika. Siku moja atakua na kujua kwamba babu yake alipewa kuchagua.

Pumzika, yaya. Sikuletei salamu za Baba, hakunipa.

Mdogo wako, anayeitwa mama na mtoto wako