Pili Aliponyamaza

Shemeji Salehe,

Ukirudi kutoka sokoni usishtuke kukuta nyumba tupu. Nimempeleka mdogo wangu Pili hospitali ya mkoa. Simu yako umeiacha kwenye chaji, ndiyo maana nakuandikia. Maharage nimeyaepua. Kadi ya kliniki siioni, itafute uje nayo.

Yuko macho, anaongea. Lakini alfajiri baada ya swala alirudi kulala, akaanza kukoroma, ile "mashine ya kukoboa" unayomtania kila siku. Mara kimya. Nikasema afadhali, kapumzika. Kuchungulia, kifua hakipandi! Nikadhani jinamizi limemkaba, nikaanza kumsomea Ayatul Kursi badala ya kumwinua. Nimefika katikati ndipo akavuta pumzi kama mtu anayeibuka mtoni. Mwenyewe hajui lolote. Akaniuliza, "Dada, mbona unalia?"

Mimba ya miezi saba, shemeji. Pumzi hiyo moja ni ya watu wawili.

~~Na wewe uliyemkimbia ukahamia sebuleni~~ Sikulaumu, hata mimi nilikuwa nacheka. Ila najiuliza ni mara ngapi amenyamaza hivyo, sisi tukashukuru kelele zimeisha.

Mwandiko usiucheke, naandika kwa haraka.

Akiruhusiwa kurudi, ile mito ya sebuleni irudishe chumbani, na wewe mwenyewe urudi nayo. Akikoroma, lala. Akinyamaza, mwamshe.

Dada mtu,
Shadya