Siku Bunduki Yangu Ilipokohoa

Miles City, Montana
Juni, wiki ya kukata majani

Dada yangu Twyla,

Salamu nyingi zikufikie huko Omaha. Goti lako linaendeleaje? Na wapwa zangu? Waambie mjomba wao ni mzima kama chuma, isipokuwa mgongo, meno na jicho moja lisilo la shabaha.

Unamkumbuka Ardith Haugen, yule mjane mwenye shamba la lusini, majani ya kulishia mifugo, ng'ambo ya mto. Kindi wa ardhini wamemchimbia shamba lote, hadi farasi wake akavunjika mguu shimoni. Akatangaza atampa ufunguo wa geti mwindaji mmoja tu, tena baada ya kumwona akipiga, maana ng'ombe wake wanakula majani hapo karibu. Dada, nikwambie ukweli, kindi walikuwa kisingizio. Bila ufunguo ule nisingekuwa na sababu nyingine ya kwenda kwake, na Merle Stroud, mwindaji mwenzangu, naye alikuwa anautaka.

Merle hununua risasi za dukani. Mimi hujitengenezea zangu gereji, nikasema hivyo mkahawani mbele ya watu. Niliwaeleza kwamba mwaka juzi nilipiga kindi wa mbali sana, hata kabla risasi haijafika alishapata wajukuu. Merle akaniuliza kama nao walikuja mazishini.

Siku moja kabla ya shindano langu na Merle la kulenga shabaha, Ardith akapita gereji kuona ninavyofanya kazi. Akakaa juu ya ndoo. Nikamwonyesha maganda yaliyopangwa kwenye ubao, fataki za kuwashia baruti zikiwa tayari kitakoni, na mizani ya kupimia baruti. Akauliza kuhusu yule dubu wa Yellowstone. Twyla, unanijua: nikaanza kusimulia. Dubu alipofika mlangoni mwa hema, mikono yangu ilikuwa inabana vichwa vya risasi kwenye maganda, kimoja baada ya kingine.

Jumamosi mimi na Merle tukalala kifudifudi kwenye majani, Ardith kando yetu. Kindi akasimama wima mbele yangu, mnene kama kasisi. Nikavuta pumzi, nikafyatua. Pup! Dada, mlio wa kizibo cha chupa. Kindi hakukimbia. Alinitazama kama anayesubiri niendelee. Merle akajigaragaza kwa kicheko, akasema, "Verlyn wewe, umemkoholea mnyama wa watu! Mpe na leso!"

Kwa hasira nikatoa ganda, nikaingiza risasi ya pili. Ardith akaudaka mkono wangu, akanifokea niache ujinga: kichwa cha ile ya kwanza kimekwama mtutuni, nikifyatua tena bunduki itanipasukia usoni. Tukaitoa ile ya pili, tukachungulia mtutu. Giza tupu. Fataki ilikuwa imekisukuma kichwa hadi hapo ikaishiwa nguvu, maana ndani ya ganda hapakuwa na hata chembe ya baruti.

Merle akaniuliza, tena mbele ya Ardith, mtaalamu husahauje baruti. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa panya aliyeila. Lakini yule mama alikuwa bado hajauachia mkono wangu, na uongo ukanikwama kama ile risasi. Nikasema hata taa sikumulika ndani ya maganda kuona baruti kabla ya kubana, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ndoo, kwake.

Merle aliacha kucheka. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Ardith akasema ufunguo ni wangu, ila kuanzia sasa baruti atamimina yeye, na dubu atasimuliwa baada ya chakula.

Sasa shika kiti, dada. Alhamisi tulifunga ndoa mahakamani. Merle alikuwa shahidi, na alilia kuliko bibi harusi. Nisamehe kwa kutokukualika. Niliogopa angebadili mawazo wakati unasafiri.

Merle akikwambia nilimkosa kindi, usikubali. Risasi haikutoka, na risasi isiyotoka haiwezi kukosa.

Ardith anakusalimu, anasema uje na watoto. Linda goti.

Ni mimi kaka yako, sasa mume wa mtu,
Verlyn