Nyumba Uliyojengewa Asubuhi Moja

Kwako Ombati, mwanangu, wewe uliyebeba jina la baba yangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Ekerenyo. Tuko, miguu inatembea, mioyo ndiyo siwezi kuisemea. Nyanya yako anakusalimu. Macho yake yamekwisha kabisa, lakini mlango ukilia Ijumaa jioni anauliza, "Ni Ombati amefika?" Kisha anajibu mwenyewe, "Basi ni upepo." Dada yako Kerubo anakusalimu, alijifungua msichana, sasa anakaa bila kushikwa. Ng'ombe wetu mweusi, yule ulimwita Madam kwa sababu hakubali kuharakishwa, naye amezaa. Baba yenu hajasema nikusalimu, lakini nimemwona akisimama karibu na kaburi lako akidhani hakuna mtu, kwa hivyo hesabu hiyo kuwa salamu yake. Ndugu yako Omwenga nimemweka mwisho. Ni yeye amenifanya nishike kalamu.

Najua sipaswi kukuandikia. Kanisani tumefundishwa kwamba waliokufa wamelala, hawajui lolote mpaka Bwana arudi. Nami naamini. Lakini sasa nimwambie nani? Walio macho hawanisikii. Na usicheke Kiswahili changu. Ndicho nilifundishwa kuandika kabla ya kutolewa shule. Kikwetu nakiweza kwa mdomo tu.

Ombati, nianze na ile siku ya kukuzika, kwa sababu hukuiona.

Unajua kwetu mwanaume mzima hatolewi mlango wa mama yake akipelekwa kaburini. Lazima awe na nyumba yake, jeneza litoke humo. Wewe hukuwa umejenga. Kila mwaka watu wakiuliza, baba yako anawaambia, "Ombati anajenga ya mawe mjini. Meneja atajenga matope hapa afanye nini?" Halafu ukafa, na pale upande wa migomba palikuwa nyasi tupu.

Asubuhi na mapema wakaja vijana kutoka Tabaka, kwa lori, na mabati na miti. Hatukuwaita. Walikuwa weupe mpaka kwenye nyusi, kama watu waliomwagikiwa unga. Hawakuongea sana. Walichimba, wakasimamisha, wakapiga misumari, na jua lilipopanda ulikuwa na nyumba, na mlango, na dirisha moja linaloangalia shamba la chai. Baba yako alifikiri ni mafundi waliotumwa na ofisi yako. Akawashukuru, kisha akawaambia wapite njia ya nyuma kwa sababu wageni wa mjini walikuwa wanakaribia na nguo zao ni chafu.

Yule mrefu, Kebaso, ndiye alinifuata jikoni. Akaniambia, "Mama, sisi ndio tulikuwa na yeye kwa shimo. Tulimchimba kwa mikono." Nikamwambia shimo gani, mwanangu ni mtu wa ofisi. Akaangalia chini. Ndipo akanieleza kwamba ile ofisi ilikuachisha kazi zamani, na kwamba ulikuwa unashuka shimoni kule Tabaka kutoa yale mawe laini ya kuchonga, na mvua ndiyo ililainisha udongo ukawaangukia. Alisema ulikuwa unawachekesha. Alisema kila Ijumaa ulikuwa unaoga pale mtoni, unavaa suti, nao wanakupigia saluti, "Meneja, tusalimie wazazi!"

Waliondoka bila kula. Nilikuwa na sufuria nzima ya nyama motoni, Ombati, na watu waliokuchimba kwa mikono yao wakapita nyuma ya choo na njaa.

Mbele ya watu ilisomwa kwamba ulikuwa umeenda Tabaka kukagua kazi kwa niaba ya ofisi. Baba yako alisoma mwenyewe, na sauti haikutetemeka. Nilikuwa nimemwambia maneno ya Kebaso. Alinijibu, "Unataka nimzike mtoto pamoja na jina lake?"

Nikanyamaza, kwa sababu nilifikiri ni wewe tu, na umeshapumzika. Wanawake kwenye kituo cha majani chai walisema yao. "Meneja gani huyo wa kujengewa mabati siku ya kuzikwa?" Niliweka kikapu kwa mizani nikaenda zangu. Hayo ningeyabeba.

Lakini baba yako hakukomea hapo. Palepale kaburini alitangaza kwamba ofisi imempa Omwenga kiti cha ndugu yake. Nilimwangalia Omwenga. Unamjua, mtoto wa pikipiki huyo, stejini Ekerenyo kila mtu anamwita kwa jina, anabeba wamama na ndizi zao huku akiimba. Pikipiki iliuzwa. Akapewa suti yako ile ya kijivu na viatu vyako, ambavyo vinambana. Akaenda kukaa kwenye chumba chako cha kupanga kule Kiogoro, na kila Ijumaa kabla ya jua kuzama anarudi, amenyooka, anaulizwa, "Ofisi?" anajibu, "Ofisi ni nzuri, baba."

Ijumaa hii iliyopita alitundika suruali mlangoni. Nikagusa pindo. Unga mweupe, Ombati. Ule ule uliokuwa kwa nguo zako, ule uliniambia ni chokaa, eti wanapaka ofisi rangi.

Jana, Sabato, wazee wa kanisa walikula kwetu. Mmoja akamwambia Omwenga, "Kijana, tafutia msichana wangu nafasi hapo kwenu, hata ya kupeleka chai." Baba yako akacheka. "Hiyo ni kazi ndogo kwa huyu." Ndipo miguu yangu ikaniinua. Nilileta ile suruali nikaikunjua pindo juu ya meza, juu ya kile kitambaa cheupe cha wageni, na unga ukamwagika kando ya bakuli la mchuzi. Nikasema, "Hii ndiyo ofisi. Mmoja amefia humo, na huyu anashuka humo humo, na mvua imeanza."



Baba yako akafuta meza kwa kiganja, polepole. Akawaambia, "Mtamsamehe mama. Tangu Ombati aende, kichwa hakijatulia." Yule mzee akamgeukia Omwenga akamuuliza kama ni kweli. Mwanangu, nilimwona akiniangalia, kisha akamwangalia baba yake, kisha akaviangalia viatu vyako. Akasema, "Mama amechoka tu."

Wakaniombea. Waliweka mikono juu ya kichwa changu wakaniombea nipone.

Simlaumu Omwenga. Wewe pia ungesema hivyo. Alipokuwa anaondoka leo alinishika mkono jikoni, mkono unakwaruza kama ganda la nanasi, akasema, "Mama, nivumilie kidogo, baba atakufa kwa aibu." Nikamwambia hakuna mtu nimewahi kuona amekufa kwa aibu, lakini wa shimo nimemzika. Akavuta viatu akaenda.

Sasa ni jioni, inanyesha, na hainyeshi kwa mchezo. Baba yako amekaa sebuleni na Biblia, haniongeleshi. Mimi niko ndani ya nyumba yako nikiandika, kelele ya mabati inanifanya nirudie mstari. Hakuna amewahi kulala humu.

Ombati, nimeamua. Kuku wawili nimeshachinja, wimbi limesagwa. Kesho alfajiri Kerubo atanisindikiza mpaka barabarani, nami nitaenda Tabaka na sufuria yangu. Nitawalisha wale vijana chakula chako cha matanga, wakile mbele ya watu wote, si nyuma ya choo. Halafu nitakaa pale mdomoni mwa shimo na leso yangu, na Omwenga hatashuka mpaka amkanyage mama yake. Waseme nina wazimu, wameshasema tayari. Akitoka na mimi, tutapita katikati ya soko la Ekerenyo akiwa na vumbi lake, bila suti, watu watazame washibe. Baba yako akitufungia mlango, huu wako uko wazi. Omwenga atalala humu.

Lakini wanaanza kazi mapema, nami natoka mbali. Kwa hivyo, kama kuna njia yoyote huko mliko, kama kulala huko si kwa kina sana, mtumie ndugu yako neno usiku huu. Mwambie asubiri mama. Usikawie, baba yangu. Ni hilo tu naomba, sitakusumbua tena.

Lala salama. Nakuahidi, Omwenga nyumba yake atajenga mwenyewe, kwa miaka yake, na haitajengwa asubuhi moja.

Ni mimi mama yako.