Pua ya Salem

Widad, nimefanya jambo baya. Usinipigie, siwezi kuongea, nitaandika tu.

Tulikuwa Wambaa harusini siku mbili. Kaka yangu Salem kabaki peke yake na karafuu mbichi zilizorundikwa ukumbini. Zimevunda zote! Harufu tuliikuta njiani, na yeye kakaa kando ya rundo, anakula.

Baba akafoka: "Pua unayo ya nini?"

Mjomba Marhoun akacheka mbele ya majirani: "Msameheni. Miaka ishirini na moja, hata ndevu hazijamtambua."

Nikaropoka. "Hanusi tangu kuzaliwa, na ndiyo maana hajabalehe!"

Hajabalehe. Mimi, dada yake, mbele ya wanaume!

Nikazidi kueleza kama niko darasani. Mtoto akiwa tumboni, seli za kuamsha balehe huanzia puani, zikafuata mishipa ya kunusia hadi kwenye ubongo. Jeni ikiwa na hitilafu, njia haijengeki, seli hukwama. Kunusa hakutarudi, lakini balehe ina dawa. Habari ya dawa hakuna aliyeisikia, walikuwa wanacheka.

Salem kajifungia chumbani. Nimemwomba radhi mlangoni. Kisha akasema, "Nilidhani nyote mwajifanya tu, mkisema karafuu zanukia."

Nikalia.

"Ulijua tangu lini, Afra?"

Tangu ule mhadhara wetu wa udaktari mwaka jana, Widad. Ukaniambia nimwambie, nikaona haya.

Nimemjibu kweli: mwaka mzima. Bado nimekaa mlangoni.