Kompyuta Iliyomwondoa Mjomba Kitini

Ihumwa, jirani na reli,
Dodoma.
9 Agosti 2025.

Mpendwa shemeji Obedi,

Pokea salamu za mwanaume aliyemuoa dada yako na bado ana meno ya kuchekea. U mzima? Mgongo umeacha kukusumbua? Na huko kiwandani Kanada, bado unakatakata nyama ya ng'ombe ambao hukuwachunga hata siku moja? Mgogo mzima! Marehemu baba mkwe angekuona angekuomba urudishe fimbo yake.

Sisi huku hatujambo. Upepo wa Agosti umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria lenye mfuniko. Uwele tumepata wa kutosha. Mimi nazidi kuwa kijana, waulize wanawake wa kwaya. Dada yako Restuta mwili ni mzima, ila moyo umemvimba, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Utasema, si tulipigiana simu siku ile? Tulipigiana, lakini wewe ulikuwa unapiga kelele, mimi napiga kelele, Restuta analia katikati. Hatukuelezana kitu. Halafu shemeji, mimi na mashine hatusalimiani kwa sasa. Naandika kwa mkono, kwa sababu kalamu hainiulizi kama nataka kuisasisha.

Naanza na hilo sasisho, maana limenichefua mpaka nikiliona jina lake natema mate.

Unaijua ile kompyuta yangu ya nyumbani. Mtaa mzima walikuja kuiona nilipoileta, mzee wa kanisa akavua viatu mlangoni. Basi, tangu mwezi wa tano, kila nikiiwasha, sijakaa sawa, kisanduku kinaruka: kuna sasisho jipya, nijizime na kujiwasha sasa hivi, au nikukumbushe baadaye? Nabonyeza baadaye. Naenda chooni, nikirudi kimekaa pale pale. Naandika tangazo la kwaya, kinajilaza juu ya jina la mchungaji. Nikikifunga, kinatoka kona nyingine na rangi nyingine. Kinyaa kitupu. Ni kama mgeni uliyemwambia chakula bado, naye kila dakika anachungulia jikoni.

Mimi si mtu wa kuchezewa hivyo, unanijua. Nimeendesha lori mpaka Lubumbashi. Nimesimamishwa na askari wenye bunduki na askari wenye njaa, na wote niliwamaliza kwa maneno, wakanipungia mkono. Shule niliishia darasa la sita, lakini nimekula meza moja na Wagiriki kule Ndola. Leo kisanduku kisicho na mdomo kinipande kichwani?

Nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio, nikapekuapekua, nikakuta mahali pa kusitisha masasisho kwa wiki kadhaa. Nikasitisha. Kimya! Wiki zikikaribia kwisha nasitisha tena. Nikamwambia Restuta, "Mama Lea, mumeo ameishinda Amerika." Dada yako hakuinua hata uso. Akasema, "Umeishinda, au umeinyamazisha?" Nikamwambia arudi kwenye mlenda wake.

Kumbe kusitisha nako kuna kikomo. Ukishaombaomba mpaka mwisho, mashine haikuulizi tena. Inajiamulia yenyewe, saa inayoitaka. Hilo mimi sikuambiwa na mtu.

Ndipo ikaja Jumamosi ya wageni. Wewe ulichoona ni sisi tumepotea. Sasa nikueleze tulichoona sisi.

Kwetu binti hatoki bila neno la mjomba wake, hilo halihitaji kuandikwa. Lakini kina Henry wa Mpwapwa, anayemchumbia Lea wetu, wana na lao. Kwa wazee wao, mjomba akiondoka kitini kabla ya kutamka neno, maana yake amekataa. Wageni hawagusi chakula, wanaondoka, na hawarudi mpaka mjomba yule yule awaite, akiwa amesimama mlangoni kwa miguu yake. Nilikuwa naijua hiyo. Ila wewe kila mwaka unatuambia mwakani, na Lea hazeeki kurudi nyuma, nikasema nitakuleta kwa njia ya kisasa.

Nikaweka kigoda kwenye mstari wa wazee, nikakitandika kitenge kipya, nikaiweka kompyuta juu yake na uso wako ndani, umevaa tai. Ulipendeza, sikufichi. Mzee Joel, baba mkubwa wa Henry na msemaji wao, akainama kukutazama kama anayekagua ndama mnadani.

"Huyu ndiye mjomba?"

"Ndiye, mzee," nikajibu kwa kifua.

"Amekaa?"

"Amekaa. Mhesabu kama mtu."

"Nimhesabu?"

"Mhesabu!"

Akakuhesabu. Akakusalimia, mkaulizana habari za malisho, ukamchekesha na ile hadithi yako ya dume la Gulwe lililopanda kwenye behewa. Nikajisemea moyoni, Sila, wewe ungezaliwa kwa wenzetu ungekuwa balozi. Chakula kilishaiva, mbuzi mzima, wali, ugali wa uwele kwa wenye heshima zao. Lea alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, amevaa lile gauni la bluu ulilomtumia.

Mzee Joel akasema, "Mjomba, tumekuja kuomba. Neno ni lako." Ukakohoa. Ukaweka tai sawa.

Ukatoweka.

Pakabaki bluu tupu na kiduara kinazunguka, na maandishi kwamba inasasisha, usizime. Asilimia zikapanda kidogo, kisha zikalala kama ng'ombe relini. Niliipiga kofi. Niliisemesha Kiswahili, Kigogo na Kifaransa cha Lubumbashi. Shemeji, nimewahi kuona lori likiwaka moto na mzigo wangu ndani, sikuchukia kama nilivyokichukia kile kiduara.

Mzee Joel akauliza taratibu, "Mjomba yuko wapi?"

"Ni mashine, mzee. Inajisasisha tu. Atarudi."

"Mashine?" Akawageukia wenzake. "Alipoingia alikuwa mtu, mkaniambia nimhesabu. Sasa ameondoka ndiyo amekuwa mashine?"

Obedi, mdomo wangu huu unaoujua ukaanza kuomba radhi. Ndiyo mara ya kwanza, usimwambie mtu.

Nikatoa simu, nikakupigia, nikamnyooshea Mzee Joel. Hata hakuipokea. "Huyo wa simu simjui," akasema. "Aliyekaa hapa kaondoka." Wakainuka wote. Hakuna aliyegusa hata maji. Henry alitoka wa mwisho, anageuka kila hatua, kijana wa watu. Lea akabaki mlangoni na jagi lake, maji yanamdondokea miguuni, hajui aliweke wapi. Restuta aliwagawia majirani yule mbuzi huku analia, na majirani wakala huku wananipa pole. Sijawahi kuona nyama ikiliwa vile, na kila tonge natamani niwanyang'anye.

Jumatatu niliibeba kompyuta mpaka mjini kwa Devota, fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Nikamwambia ang'oe kabisa hilo kumbusho, na mizizi yake. Akacheka mpaka akashika meza. "Baba Lea, ulikuwa unaisitisha mpaka ikakuchoka!" Akasema hang'oi, kwa sababu masasisho ndiyo yanayoziba matundu ya wezi wa mtandaoni. Ila alizima yale matangazo ya kurukaruka, akaiwekea saa za kazi ambazo isithubutu kujizima, akanionyesha mahali pa kuipangia siku yake. Nimeipangia Jumapili asubuhi. Sisi tukiwa kanisani, yenyewe ibaki nyumbani ijisasishe na dhambi zake. Kwa sasa imetulia. Lakini bado inanitia kinyaa, nimeifunika taulo.

Kwa Mzee Joel hakuna fundi. Nimekwenda Mpwapwa na bodaboda kutoka Gulwe, nimekaa uani kwake kutwa, nimesema vichekesho vyangu vyote, hata vile vya akiba. Mkewe alicheka. Yeye alinipa maziwa na heshima zote, kisha akasema hana kinyongo na mtu, ila wazee wake hawakumwachia ruhusa ya kubadilisha. Mjomba awaite kwa miguu yake. Mvua zikianza Henry anahamishiwa kazi Rukwa, na yeye anataka aende na mke. Hilo ndilo lililobaki, shemeji. Tuna kiangazi hiki tu.

Nilimwambia Lea awe na subira, mjomba atakuja. Alikuwa anafua, hakuacha kufua. "Nitamngoja, baba. Lakini siwezi kumngoja miaka na miaka kama mnavyomngoja ninyi."

Nilitoka nje. Dada yako akanifuata.

Najua likizo huko ni ngumu, najua bosi wako. Mwambie una msiba, mwambie una harusi, mwambie lolote, nikija kuhojiwa nitaapa. Nitakufuata Dar mwenyewe kukupokea. Ukifika utasimama mlangoni, utawaita watu wa Mpwapwa, utasema neno lako moja, halafu ukitaka urudi kwa hao ng'ombe wako wa baridi. Usinijibu kwa simu wala kwa barua.

Restuta anakusalimu, anasema chumba ameshakifagia. Mama mkwe kule Gulwe anasalimu, macho hayaoni vizuri ila masikio ni makali, bado anaitambua sauti ya kila mtu. Paulina wa jirani anauliza kama umeoa, nimemwambia asikate tamaa. Mungu aliyekuvusha kwenda akuvushe kurudi, akulinde angani na barabarani, na mikono yako isiguswe na visu vya watu.

Akupendaye hata anapokutukana,
shemeji yako,
Sila.

Shikamoo mjomba. Baba amenipa nafasi hii iliyobaki. Ameshasema mengi, nina moja tu. Henry aliniuliza kama mjomba wangu ni mrefu au mfupi, nikashindwa kumjibu. Ulipoondoka nilikuwa mdogo, na kila mtu alikuwa mrefu. Sasa nakujua kuanzia kifuani kwenda juu.
Lea.