Habari ya Mguu

Mama, shikamoo.

Baridi ya hapa Akalla, huku ughaibuni, imeingia moja kwa moja kwenye goti. Kila asubuhi linakaza kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua.

Jana mimi na dada Mghoi tulikuwa tunakula viazi na samaki wa chumvi, simu ikalia. Alikuwa yule mtu wa bima ya kampuni niliyoipikia kule Iraki, kambini kwa Wamarekani. Unakumbuka walivyokata matibabu, wakidai nimepona? Mghoi ndiye aliyegundua kosa lilikotokea. Kila daktari wao aliponiuliza habari ya mguu, nilijibu, "Nzuri, namshukuru Mungu." Ndivyo ulivyotulea, mtu hamwagi shida zake kwenye salamu. Wao wakaandika hivyohivyo.

Basi bwana wa bima akaanza, "Habari ya mguu?" Ulimi ukataka kukimbilia palepale. Mghoi akanikazia macho, uma ukiwa hewani.

Nikasema, "Mbaya. Goti halikunjiki, na sipandi ngazi bila kushikwa. Nilianguka jikoni kwenu nikiwa kazini, na sheria yenu inamlinda hata mpishi kutoka Voi."

Akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Hajaahidi kitu. Atapiga tena Jumatatu, na atasikia hayohayo mpaka achoke yeye.

Jifunike vizuri usiku, Mama, na usiache dawa ya presha. Ukinipigia na kuniuliza habari ya mguu, nitasema nzuri, maana siwezi kumjibu mama yangu vingine.

Usiniamini.

Mwanao, Mwakio