Wewe Ndiye Wenzake

Baba,

Miezi mitatu tangu tukuzike, na leo nimefanya kosa la kuwasha redio nikikaanga sukuma. Ukapigwa wimbo wenu. Mzee Shabani ameurekodi upya. Pale anapovuta pumzi baada ya kiitikio, ulipokuwa ukiingia na tarumbeta yako, wameweka kinanda. Kinanda, Baba! Nililia hadi sukuma ikaungua.

Unakumbuka jalada la kanda yenu ya zamani? Shabani kwa herufi kubwa, halafu chini, ndogo kabisa, "na Wenzake." Ulikuwa ukiniwekea kidole pale. "Umeona? Mimi ndio Wenzake." Jina likakukaa. Hata Mama akimimina chai alikuwa akikuita, "Wenzake, kuja unywe." Buruburu nzima ilikujua hivyo, nami nilicheka miaka yote ile. Sasa sicheki. Mtangazaji leo amemtaja Shabani mara nne.

Na ile kanda, nisamehe, ni mimi. Siku ya mazishi nilitaka watu wakusikie, nikaitia kwenye redio ya jirani bila kuijaribu kwanza. Ikaitafuna mbele ya jeneza lako. Nikavuta utepe, ukanikatikia mikononi. Nimetafuta nyingine Jogoo Road yote, nikafika hadi Dandora kwa wauza vitu vikuukuu. Hakuna. Shabani mwenyewe hana.

Kwa hiyo umebaki kichwani mwangu, na kichwa changu unakijua. Kipande chako cha tarumbeta kilikuwa na noti kumi na moja. Jana nilikumbuka tisa. Nilikaa kitandani nikizitafuta zile mbili kama mtu aliyeangusha ufunguo, sikuzipata. Naogopa, Baba. Mwili wako tuliuzika sote. Sauti yako nitakuwa nimeizika peke yangu.

Ulinikataza kupiga mluzi, ati msichana hapigi mluzi. Hapo sitakutii tena. Nakuahidi, kila wimbo huo utakapopigwa, dukani, kwa kinyozi, popote, nitapiga mluzi hizo tisa juu ya kinanda chao, waniite mwendawazimu wakitaka. Wala sitamkatiza Shabani. Ulinifunza: "Usikatize mtu akiimba. Ngoja avute pumzi, ndio uingie."

Nitangoja avute pumzi.

Kwaheri, Wenzake.

Mwenzako,
Nafula